Kichwa cha Mtihani wa Mzee Kashindi

Siku niliporudisha funguo za ofisi, nyinyi vijana mnaobaki mlinipa soda, mkapiga picha ya pamoja, mkaniomba niandike kurasa chache juu ya miaka yangu ya kukagua vinyozi wa Uvira, ziwasaidie kazini. Nimekaa kwangu Kavimvira, muda ninao, naandika. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuja kwa barua na vikaondoka kwa barua. Mshahara nao tuuache ulale, umezoea.

Niliingia katika kazi hii kwa sababu ya mwandiko. Ofisi ilikuwa inatafuta mtu wa kukagua vinyozi, wanaume wote wakasema wana kazi nyingine, na mkuu wa wakati ule akaona kwamba fomu zangu zinasomeka. Sikuwa nimewahi kushika mashini ya kunyolea. Nilikuwa mjane kijana, nywele zangu nilisukwa Jumamosi na jirani, na ndani ya saloni ya wanaume sikuwa nimetia mguu. Nikapewa daftari, kalamu mbili, na karatasi ya ukaguzi iliyotungwa huko Kinshasa na mtu ambaye, nina hakika, alikuwa na upara.

Karatasi hiyo mnaijua, maana mpaka leo hamjaibadilisha. Kinyozi awe na maji ya bomba. Awe na ukuta wa vigae, sanduku la dawa, chupa ya spiriti, bluzi nyeupe, yaani koti la kazi. Ofisi yetu yenyewe maji tulikuwa tunaletewa kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, na kama anayeleta bidoni amegombana na mke wake, siku hiyo hatunawi. Lakini sisi hatukuwa vinyozi, kwa hiyo uchafu wetu haukuwa na fomu.

Asubuhi ya kwanza nilipelekwa Kalundu, kwenye mstari wa vibanda vya kunyolea karibu na bandari. Kibanda cha kwanza, kinyozi amevaa bluzi nyeupe, safi, yenye doa dogo la wino mfukoni. Nikaandika: ndiyo. Cha pili, bluzi nyeupe, safi, doa la wino mfukoni. Cha tatu nikaanza kulisubiri lile doa. Cha nne kinyozi alikuwa mnene, bluzi ilikataa kufunga, akaishika mbele kwa mkono mmoja huku akinijibu maswali kwa heshima zote. Nyuma ya vibanda kulikuwa na kinjia, na kwenye kinjia hicho bluzi ilikuwa inatembea haraka kuliko mimi. Chupa ya spiriti iliifuata, ikiwahi mara nyingine na kuchelewa mara nyingine. Nilirudi ofisini na ripoti kwamba vinyozi wote wa Kalundu wana bluzi. Mkuu akafurahi sana, akasema Kalundu inaendelea.

Siku ya pili nilikagua kwangu, Kavimvira, na hapo ndipo nilipokutana na Mzee Kashindi. Wakati huo hakuwa mzee, lakini alishaitwa hivyo kwa sababu ya utaratibu wake. Alizaliwa Rurambo, juu kwa wafugaji, akashuka na wembe mmoja mfukoni, akafungua chumba kidogo cha mbao kwenye njia inayoelekea mpakani. Wateja wake wengi walikuwa watu wa kuvuka kwenda Burundi. Mtu anayevuka huwa na wasiwasi mmoja: kitambulisho chake kina picha ya zamani na kichwa chake ni cha leo. Mzee Kashindi alikuwa anakichomeka kitambulisho kwenye ukingo wa kioo, anaangalia picha, anaangalia kichwa, kisha anakirudisha kichwa kwenye mwaka wa picha. Askari wa mpakani hawakupata kujua jinsi alivyowapunguzia kelele.

"Bluzi yako iko wapi, Baba?" nilimwuliza.

"Minye siko nayo, Mama. Ile ya Kalundu haijafika huku."

Nilicheka mpaka kalamu ikanianguka. Kisha nikaandika: hapana. Ndivyo nilivyoanza naye, kwa kumwadhibu mtu pekee aliyeniambia ukweli. Mkae na hilo, nitalirudia kosa hilo kwa ukubwa zaidi.

Aliyenifundisha kazi ni yeye, si semina. Mwaka fulani watoto wa Kalundu walishikwa na mapunye, yale madoa ya kichwani yanayong'oa nywele, na ofisi ikanituma nitafute saloni inayoyasambaza. Nilizunguka na karatasi yangu, nikahesabu vigae, nikarudi mtupu. Nikamwendea Mzee Kashindi.

"Weye unaangalia ukuta," akaniambia. "Ukuta haunyolewe. Simama inje, angalia kisogo cha muntu anatoka. Kama kisogo iko na vipele, mashini haioshwe. Kama iko laini, ingia usalimie, uende."

Alifunga chumba chake siku mbili tukatembea pamoja Kalundu, tukiangalia visogo vya watu kama wendawazimu. Tuliikuta ile saloni. Ilikuwa na vigae vizuri kuliko zote, na kibali chetu kimetundikwa ndani ya fremu. Mzee Kashindi akaomba sufuria, akafungua meno ya mashini, akayachemsha juu ya mbabula ya makaa huku mwenye saloni akitutukana, kisha akayakausha, akayapaka mafuta, akamrudishia kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo karatasi ya ukaguzi niliijaza nikiwa nimeshamaliza kukagua kwa njia yake.

Na ilikuwapo kazi yake nyingine ambayo haikuandikwa popote. Kwetu mtu akifa, siku ya tatu wafiwa wananyolewa, na kinyozi haitwi, anakuja mwenyewe. Mzee Kashindi alikuwa na wembe wa matanga, wa kukunja, ambao hakuuchanganya na wa saloni. Aliuweka nyumbani ndani ya mfuko wa kitambaa cheusi. Ukimwona na mfuko ule unajua mahali fulani kuna kilio. Kazi hiyo hakupokea kitu, ilikuwa heshima. Mume wangu alipofariki mimi nilinyolewa na mwanamke wa ukoo huko kwao, lakini karibu mtaa wote wa Kavimvira ulipitia mkono wa Mzee Kashindi siku uliyolia.

Kisha wakubwa wakaanzisha mtihani. Kibali hakingetolewa tena bila cheti cha ufundi, na cheti hakingetolewa bila kufaulu mbele ya komisio, yaani kamati ya ofisi yetu. Sehemu ya kwanza, maswali ya kuandika kwa Kifaransa. Sehemu ya pili, kunyoa kichwa kizima kwa wembe. Tangazo lilisema kila mtahiniwa aje na kichwa. Mmoja kutoka Kalundu alikuja peke yake, na alipoulizwa akajibu kwamba kichwa anacho, ameingia nacho.

Shida ilikuwa kwamba kwenye komisio hakukuwa na mtu anayejua kunyoa. Mwenyekiti wetu, Shefu Boniface, aliyekuwa ameletwa kutuongoza, alisomea mambo ya misitu. Mimi nilijua visogo tu. Ikabidi tumwite Mzee Kashindi. Alikuwa anapita nyuma ya watahiniwa, anapitisha kidole gumba kwenye ngozi, anasema "huyu anajua" au "huyu atachinja watu," na Shefu Boniface anaandika alama kwa kalamu nyekundu kama aliyefikiri mwenyewe. Kwenye karatasi Mzee Kashindi tulimwandika "msaidizi", kwa sababu kuwa mtahini kunahitaji cheti, naye cheti hakuwa nacho. Hakuna aliyeweza kumpa, maana mtu wa kumpima alikuwa ni yeye. Tuliishi hivyo miaka, wala hatukuona aibu. Serikali inaweza kukalia msumari muda mrefu mradi msumari haujaandikwa kwenye ripoti.

Miezi michache kabla ya kustaafu kwangu ikaja barua kwamba wakaguzi wa mkoa watapita, na kila mtaa uonyeshe angalau saloni moja iliyofungwa kwa kukosa kibali. Shefu Boniface akaniita.

"Kavimvira tunafunga nani?"

Nikamwambia Kavimvira wote wana vibali, kwa sababu wote walifaulu kwa Mzee Kashindi.

"Wote?"

Aliyebaki bila kibali alikuwa Mzee Kashindi mwenyewe. Akanitazama, nikamtazama, tukaelewana kama watu wabaya wanavyoelewana. Niliandika mimi amri ya kufunga. Ningeweza kusema nimesahau, ningeweza kuumwa siku hiyo, wengi wenu mnaumwa vizuri sana siku za kazi ngumu. Sikufanya hivyo. Nilijiambia sheria ni msumeno, ule msemo mtamu ambao hupendwa na anayeshika mpini.

Nilikwenda asubuhi. Gundi ya ofisi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nilipika uji mzito wa unga wa muhogo nyumbani nikaubeba kwenye kopo. Mzee Kashindi akatoka, akasimama pembeni anipishe mlango.

"Andika muzuri, Mama," akasema. "Hapa watu wanasoma."

"Ni kwa muda kidogo, Baba. Vifaa vibaki ndani."

"Basi na minye ungenifungia ndani. Inje niko na kazi gani?"

Nikapaka uji, nikabandika karatasi yenye muhuri mlangoni, nikaipiga kofi ishike. Jioni mbuzi wa mtaa wakaila, karatasi na muhuri na uji wake. Shefu Boniface akataka ripoti yenye jina la mwenye mbuzi. Nikabandika nyingine kwa gundi ya dukani, na hiyo mbuzi waliinusa wakaiacha.

Mzee Kashindi hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na mke mgonjwa na chumba kile. Wiki zikapita, akawa anakuja kukaa kwenye jiwe mbele ya mlango wake mwenyewe, na wateja wanapita wanamsalimu, wanakwenda kunyolewa kwa wanafunzi wake. Mimi ninaishi njia hiyohiyo. Nikaanza kuzunguka kwa nyuma kwenda kazini, njia ndefu, kwa umri wangu. Mwishoni nikamwomba afanye mtihani, nitamsimamia. Akakubali, akasema ameona wajinga wengi wakifaulu.

Zikiwa zimebaki wiki sita nistaafu, komisio ikakaa kwa ajili yake peke yake. Mtahini wa ufundi, mara hii mwenye cheti, alikuwa Safari, mwanafunzi wake wa zamani. Safari alikuwa anatoka jasho kama yeye ndiye aliyefungiwa. Mzee Kashindi alisoma maswali ya Kifaransa kwa heshima, akayarudisha mezani, akasema kwa Kiswahili jinsi anavyosafisha wembe, jinsi anavyojua kichwa chenye ugonjwa, na la kufanya mteja akikatwa. Shefu Boniface alisikiliza yote.

"Ni kweli yote," akasema, "lakini haiko kwa karatasi, na haiko kwa Kifaransa." Akaandika sifuri. Kwa sheria yetu, sifuri sehemu moja ni kuanguka kote. Lakini sheria hiyohiyo ilitaka sehemu ya pili ifanyike pia, ili jalada likamilike.

Mzee alikuwa amekuja na kichwa kizuri, cha mbeba mizigo wa bandarini. Shefu Boniface akakiomba kitambulisho. Kichwa hakikuwa na kitambulisho. Sheria ilisema kichwa kisicho na kitambulisho hakitahiniwi, na mbeba mizigo akatoka akifurahi kwamba amepona. Shefu akaanza kufunga jalada. Nilimwona Mzee Kashindi ameshika mfuko wake mweusi kwa mikono miwili. Nyembe zake nyingine zote nilimfungia mimi ndani, amekuja na wa matanga kwa sababu ndio uliobaki.

Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikatoa kitambulisho changu, nikakiweka mezani, nikakaa kwenye kiti.

"Mama, weye?" Mzee akauliza. "Mwanamuke hanyolewe bure, bila kilio."

"Nyoa, Baba. Kichwa hiki kina kitambulisho."

Alininyoa. Miaka yote hiyo nilikagua mkono ule na sikuwa nimeujua. Safari akapitisha kidole, akampa alama zote. Shefu Boniface akajumlisha, akatangaza kwamba mtahiniwa ameanguka.

Sasa fikirieni walichokiona watu wa njia yetu. Wamemwona Mzee Kashindi ameingia ofisini na mfuko wa matanga. Wamemwona ametoka ameinamisha kichwa. Nyuma yake natoka mimi, mjane, nimenyolewa ngozi tupu, macho mekundu. Kabla sijafika nyumbani mikeka ilikuwa imeshatandikwa uani kwangu.

"Kuraje, Mama, kuraje," Mama Neema, jirani yangu, akanikumbatia kunitia moyo. "Nani alituacha?"

"Hakuna aliyekufa. Ulikuwa mtihani."

Wanawake wakatazamana. "Anaficha," mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika. "Iko kubwa sana, haiwezi kusemwa."

Nina mtoto mmoja, yuko Bukavu. Nikampigia simu nikaweka sauti kubwa, akasema yuko mzima kabisa. Wakamshangilia, kisha wakaanza kupitia ndugu zangu wengine mmoja mmoja. Waliotoka mbali hawakukubali kurudi bure. Kuni zikaja, sufuria zikaja, wakaimba. Nami, sitawaficha, usiku ule nililia nao kweli. Nililia kwa aibu. Nilikuwa na msiba ila sikuwa na maiti.

Siku ya tatu Shefu Boniface akafika na wenzetu wa ofisini, kwa kuwa haifai inspekta awe na matanga na mkuu wake asionekane. Alijua kuliko wote kwamba hakuna aliyekufa. Lakini alikuta watu wengi, akavutwa na watu wengi, akasimama akahutubia. Akasema ofisi yetu ni familia moja, na msiba wa mmoja ni msiba wa wote, na yeye ni kama baba. Mama Neema alisikia neno baba akaliweka akiba.

Muda mfupi baadaye akaingia Mzee Kashindi na mfuko wake mweusi. Alisikia kwamba kwangu kuna kilio, na kwa kilio haitwi. Tangu atoke ofisini alikuwa amejifungia ndani kwa mke wake, hakujua kilio chenyewe kimetoka wapi. Akaosha mikono, akauliza kwa upole nani anaanza.

"Huyu hapa," Mama Neema akamsukuma Shefu mbele. "Ni baba wa familia."

Shefu Boniface alikuwa na nywele nzuri, anazitunza, anazipaka rangi. Akatazama huku na huku. Lakini anayekataa wembe mbele ya matanga, watu wanaanza kumwuliza alikuwa na ubaya gani na marehemu. Akakaa. Nikaona kidole gumba cha Mzee Kashindi kimeshika kichwa kilichompa sifuri, kwa upole uleule alioshikia changu.

"Inauma, Shefu?"

"Hapana, mzee," Shefu akasema, ametazama chini. "Haiume."

Akafuata Safari, wakafuata wenzetu, wakafuata wanaume wa njia yetu, wote mpaka mwisho. Mzee akaufuta wembe, akaukunja, akaja kukaa karibu nami.

"Mama, wote wamenyolewa. Sasa uniambie. Nani alikufa?"

Nikamwambia mbele ya wote. Kwamba hakuna aliyekufa. Kwamba yeye alianguka mtihani, watu wakaona kichwa changu, wakatandika mikeka. Mzee akanyoosha mkono akaipapasa ngozi ya kichwa changu kama anayekagua kazi yake.

"Hii itaota," akasema. "Mulango yangu je?"

Niliinuka. Sikuitafuta ruhusa kwa Shefu Boniface, wala yeye hakunipa, alikuwa anajipapasa kisogo. Nilitembea mpaka kile chumba cha mbao, na kwa sababu watu wa matanga humfuata mwenye matanga popote aendapo, uwanja wote ulinifuata. Nikaibandua karatasi yangu kwa kucha. Ilikataa, nikakwangua. Msinisifu kwa hilo. Nilikuwa nimebakiza wiki sita. Ushujaa wa mtu aliyebakiza wiki sita ni bei rahisi. Ningefanya hivyo asubuhi nilipokuwa na kopo la uji mkononi, miaka mingi ya huduma yangu ingekuwa na maana kidogo.

Mzee Kashindi alifungua madirisha, akapangusa vumbi kwenye kioo, akakung'uta kitambaa, akageuza kiti kitazame mlango. Kisha akasimama kizingitini, akiwa hana kibali bado, kama asivyokuwa nacho mpaka leo ninapoandika, akauliza kwa sauti ya kazi:

"Haya. Nani wa kwanza?"

Watu walijaa mpaka barabarani, Safari, Shefu, majirani, wateja wake wote wa tangu zamani, na wote walitaka. Jua la Kavimvira lilikuwa linang'aa juu ya vichwa vyao. Hakukuwa na unywele mmoja wa kukata. Alitutazama mstari mzima, akacheka mara ya kwanza tangu nimfungie, akaketi kwenye kiti chake mwenyewe.

"Si kitu," akasema. "Minye nitangojea hapa ndani."